Timu mbili zina pointi sawa na hazikukutana: nani apite?

"Mimi ni katibu wa kamati ya mashindano ya kata yetu. Kila mwaka tunakuwa na timu 12 katika makundi matatu ya timu nne nne, kwenye uwanja mmoja wa shule, na wanaoingia nusu fainali ni vinara watatu pamoja na mshindi wa pili aliye bora. Mwaka huu vijana wanasema makundi yamepitwa na wakati, tufuate mfumo mpya wa Ligi ya Mabingwa Ulaya wenye msimamo mmoja. Mimi ni mtazamaji wa miaka mingi, lakini nakiri mfumo ule haujaniingia. Msimu wa 2024/25 niliona Dinamo Zagreb ikitolewa na pointi 11, huku Club Brugge yenye pointi 11 ikipita, na timu hizo hazikucheza zenyewe kwa zenyewe. PSG ilishika nafasi ya 15 ikawa bingwa. Wapo wanaosema kompyuta ndiyo inayopanga nani akutane na nani, kwa hiyo wakubwa wanabebwa. Na bao la ugenini, lipo au halipo? Je, mfumo huu ni wa haki, na sisi unatufaa?"

Ndugu katibu, nimeyasoma maswali yako mara mbili na nimeona kwamba yote yanachimbuka katika wasiwasi mmoja: inawezekanaje msimamo mmoja uzipange kwa haki timu ambazo hazikucheza na wapinzani walewale? Huo si wasiwasi wa mtu asiyejua mpira. Ndio wasiwasi wenyewe hasa, nami nitaushika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukishaeleweka, habari ya Dinamo, habari ya PSG na habari ya mashindano ya kata yenu zitafunguka pamoja.

Tuanze na kilichobadilika. Kuanzia msimu wa 2003/04 hadi 2023/24 Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa na timu 32 katika makundi manane. Kila timu ilikutana na wapinzani watatu, nyumbani na ugenini, na wawili wa juu wa kila kundi wakaingia hatua ya 16 bora. Tangu 2024/25 timu ni 36, makundi hayapo, na kila timu inacheza mechi nane na wapinzani wanane tofauti, nne nyumbani na nne ugenini, bila marudiano, na matokeo yote yanaingia katika msimamo mmoja. Timu nane za kwanza zinakwenda moja kwa moja 16 bora. Zile za nafasi ya 9 hadi ya 24 zinacheza mchujo wa mechi mbili kugombea nafasi nane zilizobaki, na kuanzia ya 25 hadi ya 36 safari inaishia hapo. Zamani timu iliyokuwa ya tatu kundini iliangukia Ligi ya Europa, na Sevilla iliangukia huko kwa njia hiyo ikalitwaa kombe mwaka 2023. Mlango huo sasa umefungwa.

Dhana ya kwanza ninayoomba tuisahihishe ni neno lenyewe "ligi". Katika ligi tuliyoizoea kila timu hucheza na kila timu, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu hakuna wa kulalamika kwamba fulani alipangiwa wepesi. Katika hatua ya ligi ya Ulaya kila timu ina wapinzani 35 kwenye msimamo lakini inakutana na wanane tu. Kwa hiyo msimamo ule hautangazi nani ni bora kuliko nani. Kazi yake ni kuchekecha, yaani kuwatenga wachache waliofanya vizuri sana, wengi wa katikati wanaostahili nafasi ya pili, na walioshindwa waziwazi. Anayeusoma kama msimamo wa ligi ya nyumbani atashangaa kila mwaka.

Utasikia pia ukiitwa mfumo wa Uswisi, jina lililotoka kwenye mchezo wa sataranji. Hapo nako kuna tofauti ambayo watu wengi huipita. Katika sataranji, baada ya kila raundi, wachezaji wenye pointi zinazolingana hukutanishwa raundi inayofuata, hivyo aliyeanza kwa wapinzani wepesi hukutana na wagumu kadiri anavyoshinda, na mfumo unajirekebisha wenyewe. Ulaya hawafanyi hivyo, kwa sababu klabu zinahitaji kujua mapema tarehe, safari na tiketi. Wapinzani wote wanane wanajulikana kabla ya mechi ya kwanza, na ukipangiwa wepesi au wagumu, hakuna kitu mbele ya safari kitakachokurekebishia.

Kwa hiyo haki yote ya mfumo huu imewekwa kwenye droo. Timu 36 zinagawanywa katika vyungu vinne vya timu tisa tisa, na kila timu hupewa wapinzani wawili kutoka kila chungu, pamoja na chungu chake yenyewe, mmoja wa kumkaribisha na mmoja wa kumfuata kwake. Haipangwi na timu ya nchi yake, wala haipangwi na timu zaidi ya mbili za nchi nyingine yoyote ile. Lengo ni kwamba kila timu ibebe mzigo unaokaribiana na wa wenzake: wawili wazito sana, wawili wazito, wawili wa kawaida na wawili wanaodhaniwa kuwa wepesi.

Nimesema wanaodhaniwa, na neno hilo ndilo kiini. Ukimwacha bingwa mtetezi anayewekwa chungu cha kwanza, vyungu vinapangwa kwa rekodi ya Ulaya ya miaka mitano iliyopita, havipangwi kwa ubora wa timu siku ya droo. Msimu wa 2024/25 Aston Villa ilikuwa chungu cha nne kwa sababu haikuwa na historia ya karibuni katika mashindano haya, lakini ilimaliza ya nane na kuingia 16 bora moja kwa moja. Lille ilikuwa chungu cha tatu, ikaifunga Real Madrid 1-0 na kumaliza ya saba. Aliyepangiwa Villa akadhani amepata ahueni alijikuta na mpinzani mzito. Ndiyo maana nasema mzigo unakaribiana, siwezi kusema unalingana.

Sasa hiyo kompyuta. Katika droo ya kwanza ya mfumo huu, Agosti 2024 huko Monaco, mpira wa kila timu ulitolewa kwa mkono, kisha programu ikateua wapinzani wake wanane na mahali pa kila mechi. Sababu ni ya kihesabu. Masharti niliyoyataja yanashikana, na mpinzani utakayempa timu ya tano anaweza kuifungia njia timu ya thelathini. Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, andika timu zako 12 kwenye karatasi, weka sharti kwamba timu za mtaa mmoja zisikutane, kisha panga kwa kuokota vikaratasi mpaka mwisho. Mara nyingine utafika timu mbili za mwisho ukakuta zimebakiwa na wapinzani ambao haziruhusiwi kucheza nao, na itakubidi ufumue kazi yote. Programu inaangalia mbele kabla ya kila uteuzi ili kisitokee kitu kama hicho.

Je, inawabeba wakubwa? Tazama matokeo yenyewe. PSG, timu ya chungu cha kwanza, ilipangiwa Manchester City, Bayern Munich, Atletico Madrid na Arsenal, na baada ya mechi tano ilikuwa na pointi nne tu. Real Madrid ilimaliza ya 11 na Manchester City ya 22, na zikakutana zenyewe kwenye mchujo, mmoja akabaki njiani. Juventus na AC Milan zilitolewa hapohapo kwenye mchujo na timu mbili za Uholanzi, PSV na Feyenoord. Droo inayowabeba wakubwa haizai mambo hayo.

Lakini nitakuwa sijakujibu kwa uaminifu nikiishia hapo, kwa maana wakubwa wanapewa nguvu, ila mahali pengine. Nafasi mbili kati ya nne zilizoongezwa zinakwenda kwa nchi mbili ambazo klabu zao kwa pamoja zilifanya vizuri zaidi Ulaya msimu uliotangulia. Mara ya kwanza zilikwenda Italia na Ujerumani, mara ya pili Uingereza na Hispania, nchi ambazo tayari zina nafasi nne kila moja. Tena katika mgawo wa fedha, sehemu ya asilimia 35 inategemea ukubwa wa soko la televisheni na rekodi ya klabu ya miaka iliyopita. Anayetaka kupigania usawa katika mpira wa Ulaya ajielekeze huko. Mipira ya droo aiache.

Turudi kwa Dinamo Zagreb, kwa sababu hakuna mfano unaofundisha kuliko huu. Dinamo na Brugge zote zilishinda mechi tatu, zikatoka sare mbili, zikapoteza tatu. Pointi 11 kwa 11. Katika mfumo wa zamani swali la kwanza lingekuwa nani alimfunga mwenzake walipokutana. Hapa hazikukutana, na katika timu 36 zinazocheza mechi nane nane, timu nyingi zinazolingana pointi zitakuwa hazijakutana, kwa hiyo kigezo hicho kimeondolewa kabisa. Kigezo cha kwanza baada ya pointi ni tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Brugge ilifunga mabao 7 na kufungwa 11, pungufu ya mabao manne. Dinamo ilifunga 12 na kufungwa 19, pungufu ya mabao saba. Brugge ikashika nafasi ya 24, Dinamo ya 25.

Sasa rudi nyuma hadi tarehe 17 Septemba 2024, mechi ya kwanza kabisa, Dinamo ikiwa Munich. Mapema kipindi cha pili matokeo yalikuwa 3-2 na Bayern ilikuwa inatetemeka. Kisha milango ikafunguka na mechi ikaisha 9-2. Katika mechi saba zilizobaki Dinamo ilifunga mabao 10 na kufungwa 10, yaani upungufu wake wote wa mabao saba ulitoka usiku ule mmoja. Kama mechi ingesimama kwenye 6-2, Dinamo ingemaliza msimamo na upungufu wa mabao manne sawa na Brugge, na kigezo cha pili, mabao ya kufunga, kingeipitisha Dinamo kwa 12 dhidi ya 7. Mabao matatu ya mwisho, yaliyofungwa kuanzia dakika ya 78 dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa, ndiyo yaliyoitoa Dinamo miezi minne baadaye, usiku uleule ilipoifunga Milan 2-1.

Mimi naona uchungu ule unatufundisha jambo kuhusu mfumo wenyewe. Katika kundi la timu nne, ukifungwa tisa na mtu aliye juu yako, unaweza bado kujirekebisha kwa kumfunga jirani yako. Katika msimamo mmoja kila bao, la timu yoyote, dakika yoyote, linahesabiwa dhidi ya timu usizoziona. Kocha anayesema "tumeshafungwa, liwalo na liwe" anaipeleka timu yake nje bila kujua.

Vigezo vinavyofuata nitavipitia upesi. Baada ya tofauti ya mabao huja mabao ya kufunga, kisha mabao ya ugenini, kisha idadi ya ushindi, kisha ushindi wa ugenini. Baada ya hapo kuna kigezo kinachogusa wasiwasi wako moja kwa moja: jumla ya pointi walizopata wapinzani wako wote wanane. Aliyecheza na wagumu zaidi anapewa heshima yake. Kimewekwa mbali sana chini, na kwa maoni yangu kilistahili kupanda juu zaidi, maana ndicho pekee kinachoukiri udhaifu wa mfumo.

Umeona kwamba nimetaja mabao ya ugenini, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Sheria ile tuliyoizoea, ya mechi mbili za mtoano zikiisha kwa jumla sawa anapita aliyefunga zaidi ugenini, ilifutwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, Juni 2021. Sasa jumla ikiwa sawa zinachezwa dakika 30 za nyongeza, kisha penalti. Bao la ugenini limebaki kama kigezo cha kupanga msimamo wa hatua ya ligi tu. Nadhani watu wa kwetu wanachanganyikiwa kwa sababu nzuri: katika mashindano ya klabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, sheria hiyo iliendelea. Oktoba 2021, miezi minne tu baada ya Ulaya kuifuta, Simba ilishinda 2-0 Gaborone dhidi ya Jwaneng Galaxy, ikafungwa 3-1 Dar es Salaam, jumla ikawa 3-3, na ikatoka kwa mabao ya ugenini. Aprili 2025 Mamelodi Sundowns iliingia fainali ya CAF kwa sare ya 1-1 mjini Cairo baada ya 0-0 nyumbani.

Sheria ile iliingia Ulaya msimu wa 1965/66 kwa shida ya wakati wake. Safari zilikuwa za kuchosha, viwanja vya ugenini vilitisha, na sare zilikuwa zikiamuliwa kwa mechi ya tatu, hata kwa kurusha shilingi, kama ilivyotokea kati ya Liverpool na FC Köln mwaka 1965. Ilipofutwa, UEFA ilionyesha kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa wenyeji ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na wa wageni umepanda kutoka 19 hadi 30. Ugenini hapakuwa tena pagumu kiasi cha kustahili bao lenye uzito wa ziada.

PSG nayo sasa inaeleweka. Nafasi ya 15 haikuwa hukumu juu ya ubora wake. Ilikuwa foleni aliyowekwa. Adhabu yake ilikuwa kucheza mechi mbili zaidi, na iliicheza hiyo adhabu kwa kuifunga Brest jumla ya mabao 10-0. Kisha kwa jinsi mti wa mtoano unavyopangwa, washindi wa mchujo kutoka nafasi ya 15 hadi ya 18 wanaangukia kwa yule wa kwanza au wa pili, na PSG ikapewa Liverpool, kinara mwenye pointi 21. Ilipita kwa penalti Anfield, ikazitoa Aston Villa na Arsenal, na tarehe 31 Mei 2025 ikaifunga Inter 5-0 mjini Munich. Ilicheza mechi 17, wakati bingwa wa mfumo wa zamani alicheza 13. Sioni dhuluma hapo. Timu iliyokuwa mbovu Novemba ikawa bora Mei ilipewa nafasi ya kulithibitisha hilo uwanjani.

Aliyeonewa kidogo ni yule aliyefanya vizuri mapema. Liverpool ilishinda mechi saba kati ya nane na zawadi yake ikawa PSG. Arsenal ilimaliza ya tatu, lakini katika nusu fainali ilianzia nyumbani na kumalizia Paris, kwa mtu wa 15, kwa sababu wenyeji wa marudiano baada ya 16 bora walipatikana kwa droo. UEFA ililiona, na kuanzia 2025/26 wanne wa kwanza wanacheza marudiano ya robo fainali nyumbani, na wawili wa kwanza wanapata hilo hata nusu fainali, na anayemtoa mkubwa anairithi nafasi yake. Ni marekebisho ya haki, na yalipaswa kuwepo tangu mwaka wa kwanza.

Kwa ujumla, basi, ni mfumo wa haki? Jibu langu ni kwamba umeibadilisha haki moja kwa nyingine. Kundi lilikuwa na haki ndani yake lenyewe, kwa kuwa wote wanne walikutana, lakini baina ya makundi hapakuwa na haki yoyote: kulikuwa na kundi la vifo na kundi la mteremko, na wote walitoa wawili wawili. Msimamo mmoja unasambaza ugumu kwa wote kwa kukadiria, na unaondoa mechi za kukamilisha ratiba. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025 mechi zote 18 zilianza kwa pamoja, saa 5 usiku kwa saa zetu. Liverpool na Barcelona pekee ndizo zilizokuwa na uhakika wa nane bora, na Manchester City ilikwenda mapumziko ikiwa imefungwa na Brugge na ikiwa nje ya mashindano, kabla ya kushinda 3-1. Gharama yake ni mechi 189 kwa msimu badala ya 125, na miili ya wachezaji ndiyo inayoilipa.

Sasa kata yenu, ambako naomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa unaweza kufanya kosa ambalo Ulaya hawakulifanya.

Kwanza, tatizo lililokusumbua kuhusu Dinamo mnalo tayari. Mnapomchukua mshindi wa pili aliye bora kutoka makundi matatu, mnalinganisha timu ambazo hazikukutana na hazikuwa na wapinzani walewale. Vijana wenu hawaleti tatizo jipya. Wanapendekeza kulitandaza kwa timu zote 12.

Pili, hesabu. Ukigawa timu 12 katika vyungu vinne vya timu tatu tatu, na kila timu icheze na mmoja kutoka kila chungu, utakwama, kwa sababu ndani ya chungu cha timu tatu wawili watacheza na wa tatu atakosa mwenzake. Vyungu vya tisa vinafanya kazi Ulaya kwa kuwa kila timu inapewa wawili kutoka chungu chake, na Ligi ya Conference, mashindano ya ngazi ya tatu ya klabu za Ulaya, inayotoa mpinzani mmoja kwa kila chungu, ina vyungu sita vya timu sita. Kwenu zipo njia mbili zinazokaa sawa. Vyungu vitatu vya timu nne, mpinzani mmoja kutoka kila chungu, mechi tatu kwa kila timu, jumla mechi 18, sawasawa na mnazocheza sasa. Au vyungu viwili vya timu sita, wapinzani wawili kutoka kila chungu, mechi nne kwa kila timu, jumla 24. Ile ya mechi tatu siishauri kabisa. Mechi tatu ni chache mno kwa msimamo wa timu 12. Mtakuwa na timu nne au tano zenye pointi sawa, na mashindano yataamuliwa na nani alikutana na timu iliyokuja na wachezaji tisa.

Tatu, uwanja. Mwaka 1982 huko Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua matokeo ya Algeria yaliyokwisha kupatikana jana yake. Ushindi wa 1-0 wa Wajerumani uliwapitisha wote wawili, bao likaingia mapema, na muda wote uliobaki wakapasiana mpira hadi Algeria ikatoka. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi katika Kombe la Dunia huchezwa wakati mmoja. Ukiwa na makundi, unahitaji viwanja viwili tu kwa jioni tatu, na kuazima uwanja wa kata jirani kunawezekana. Ukiwa na msimamo mmoja, mechi zote sita za raundi ya mwisho zinahusiana, na unahitaji viwanja sita na waamuzi wa viwanja sita saa 10 jioni ileile. Usipovipata, anayecheza mwisho atajua anahitaji mabao mangapi, na atajua pia amwombe nani. Nchini Nigeria, Julai 2013, mechi mbili za kuwania kupanda daraja, zilizokuwa zikigombewa kwa tofauti ya mabao, ziliisha 79-0 na 67-0. Pale watu hawakuwa na haya. Kwenye mashindano ya mtaa itakuwa 8-0, na hutaweza kuthibitisha lolote.

Kwa hiyo, kwa uwanja mmoja, ningebaki na makundi. Ndani ya kundi, wanaolingana pointi waamuliwe kwanza kwa matokeo yao walipokutana, maana walikutana. Kumpata mshindi wa pili aliye bora, tumia tofauti ya mabao lakini weka kikomo, kwamba ushindi wowote wa zaidi ya mabao manne utahesabiwa kama wa manne. Hilo litamlinda mnyonge na kumkatisha tamaa anayetaka kununua mabao. Vigezo vya ugenini viacheni kabisa, kwa sababu wote mnacheza uwanja mmoja. Na kama mna wikiendi za kutosha, ni bora zaidi kuwapeleka nane robo fainali, wawili wa kila kundi na wawili bora kati ya walioshika nafasi ya tatu, ili kosa la kulinganisha timu ambazo hazikukutana limguse wa tatu badala ya kumnyima nusu fainali mshindi wa pili. Mkipata viwanja vitatu au vinne vya uhakika na waamuzi wa kutosha, mfumo wa mechi nne na vyungu viwili unaweza kujaribiwa mwaka mwingine. Hapo vijana watakuwa na hoja.

Lipo eneo ambalo barua yangu haitoshi. Kama mshindi anapewa fedha, ng'ombe au jezi zenye thamani, kama kuna timu zinazoleta wachezaji kutoka nje ya kata, au kama mwaka jana mlikuwa na rufaa iliyoishia kwa maneno makali, peleka rasimu ya kanuni kwa chama cha soka cha wilaya yenu kabla ya droo, ukakae nao ana kwa ana pamoja na mwakilishi wa waamuzi. Wao wanawajua watu wa eneo hilo, wanajua uwanja upi una mgogoro, na ndio watakaosikiliza malalamiko yakizuka. Nenda na karatasi yenye vigezo vya kuvunja sare vilivyopangwa kwa namba, cha kwanza hadi cha mwisho, na cha mwisho kiwe droo ya hadharani ili pasibaki jambo lisilo na jibu. Ikishapita, waite manahodha na makocha wote 12, isome kwa sauti, wapigie mfano wa Dinamo na Brugge wauelewe, kisha kila mmoja aweke sahihi yake mbele ya wenzake kabla mpira wa kwanza haujachezwa.